UZI: Dada wawili tumbo moja, jeni moja mbovu, mmoja yuaumwa mwengine hana habari. Inakuwaje?

Binti_Bondeni (mwenye uzi)

Asalaam aleikum, habari zenu nyote. Kule kwenye uzi wa malaria kuna mtu kaandika ati G6PD (upungufu wa ile enzaimu inayokinga chembe nyekundu za damu zisipasuke) iko kwenye kromosomu X kwa hivyo ni shida ya wanaume, sisi wanawake twapitisha tu kwa watoto wa kiume halafu twaendelea na maisha yetu. Na watu wakamuunga mkono! Nkasema la, hii yataka uzi wake. Mimi kazi yangu ni maabara, na majibu ya wanawake ndo hunitoa jasho, maanake mwanamume ukimpima enzaimu hii ama anayo ama hana, mwanamke unapata namba imekaa katikati na daktari akikuuliza sasa huyu mgonjwa au si mgonjwa hujui uanzie wapi. Chukueni kahawa mketi.

Mwanamume ana X moja, kaipata kwa mamake, na Y kutoka kwa babake. Mwanamke ana X mbili, ya baba na ya mama. Sasa hiyo X imebeba mamia ya jeni na Y imebeba chache mno, mwanamke akizitumia X zote mbili atakuwa atengeneza maradufu ya kila kitu, na mwili hautaki hivyo. Kwa hivyo siku za mwanzo kabisa, mimba bado changa hata mama mwenyewe hajajua kama anayo, kila seli yazima X moja. Ipi? Bahati nasibu. Hii yazima ya baba, jirani yake yazima ya mama, na ikishazima haigeuki tena, seli zote zitakazotokana na hiyo zafuata chaguo lile lile mpaka mtu aingie kaburini.

Hapa ndo epijenetiki inaingia. Herufi za DNA haziguswi hata moja, jeni iko pale pale, nzima ni nzima, mbovu ni mbovu, ila imefungwa haisomwi. Kuna jeni yaitwa XIST, ilitambulika 1991, hiyo haitengenezi protini, yatoa RNA ndefu inayoifunika X nzima, halafu zile protini zinazoviringishiwa DNA zabadilishwa, kisha alama za methili zapachikwa kwenye DNA yenyewe na X yote yajikunja yawa kidonge pembeni mwa kiini cha seli. Kidonge hicho Murray Barr na Ewart Bertram walikiona mapema, 1949, kwenye seli za neva za paka jike. Aliyekuja kusema hasa ni nini kinatokea ni mama mmoja wa Uingereza, Mary Lyon, 1961, kwa kuangalia mabaka kwenye manyoya ya panya wake.

Sasa chukua mwanamke ambaye X yake moja ina jeni mbovu. Huyo ni mkeka uliosukwa kwa miyaa ya rangi mbili, seli hizi zafanya kazi na zile hazifanyi, na rangi ipi itajaa wapi hakuna aliyepanga. Wengi huwa karibu nusu kwa nusu. Wengine 80 kwa 20. Na wachache, karibu seli zao zote zimezima ile X nzima zikabaki na mbovu, na huyo ataumwa sawasawa na kakake, msimwambie ati yeye apitisha tu.

Kahawa_Tungu

Dadangu mimi skuli nilifundishwa ukiwa na jeni moja nzima na moja mbovu ile nzima inatosha, mbovu inajificha. Wazazi wa mtoto wa siko seli si ndo hivyo, wao wazima. Mbona hapa hesabu imebadilika?

Binti_Bondeni

Swali zuri kaka. Siko seli iko kwenye kromosomu 11, huko kila seli yasoma nakala zote mbili, kwa hivyo ndani ya seli moja ile nzima yaifidia ile mbovu. Kwenye X hakuna kufidiana ndani ya seli, kila seli imebaki na nakala moja tu inayosomwa. Fidia ikiwepo itoke kwa seli jirani, na hapo kila ugonjwa una tabia yake.

Mfano ugonjwa wa Hunter, nao wa X, wa kukosa enzaimu ya kuvunja sukari ndefu za mwilini, ile enzaimu seli nzima zaitoa nje na zile zisokuwa nayo zaichukua, ndo mana wanawake wenye jeni ya Hunter ni nadra sana kuumwa. Fabry, ugonjwa mwengine wa X, mafuta hujaa ndani ya seli kwa kukosa enzaimu ya kuyavunja, enzaimu yake pia hutoka nje lakini kule kusaidiana ni hafifu, ndo mana wanawake wa Fabry waumwa kweli kweli, figo, moyo, kiharusi. Halafu G6PD sasa, chembe nyekundu ya damu haina hata kiini, enzaimu iliyozaliwa nayo ndo hiyo hiyo mpaka ife, haimpi jirani wala haiombi. Mwanamke wa nusu kwa nusu ana chembe za damu za aina mbili zatembea kwenye mshipa mmoja, na akimeza dawa mbaya zile dhaifu zapasuka na zile nzuri zabaki. Ernest Beutler na wenzake walilionyesha hilo 1962 huko Marekani, mwaka mmoja tu baada ya Lyon kuandika.

Na tena si kila kitu kwenye X iliyozimwa kinanyamaza. Karibu jeni 15 katika kila 100 zaponyoka zaendelea kusomeka kidogo kidogo. Kwa hivyo hesabu ya skuli si uongo, ni ya madarasa ya mwanzo.

Tuktuk_Hana_Presha

Hapa sijaelewa nusu lakini paka nimeelewa 😂 Wale paka wa rangi tatu pale Marikiti, mweusi na rangi ya chungwa na mweupe, babu alikuwa atwambia ukimuona wa hivyo jua ni jike. Ndo mambo haya?

Binti_Bondeni

Ndo haya haya, babu yako alikuwa na jicho. Ile jeni ya rangi ya chungwa iko kwenye X. Penye chungwa X hii imezimwa, penye weusi imezimwa ile, ila weupe una jeni yake mbali. Dume ana X moja, atakuwa wa chungwa au mweusi basi, akitokea dume wa rangi tatu kwa kawaida ana X ya ziada.

Kuna kisa nakipenda sana, mwisho wa 2001 chuo cha Texas A&M walizalisha paka kwa kumkopi paka mwengine wa rangi tatu, DNA ile ile. Akatoka wa mistari na mweupe, hana chungwa kabisa! Maana DNA ilitoka kwenye seli moja ambayo ilikuwa ishazima X yenye chungwa, na kule kuzimwa hakukufutika. Ukitaka ushahidi kwamba herufi peke yake haitoshi, ndo huo una mkia.

MamaMapacha_Kisauni

Hii imenigusa. Nna mapacha wa kike, wale wa kufanana hata baba yao huwachanganya. Mmoja alipozaliwa alipata manjano mabaya akawekwa kwenye taa, na alipokuwa mkubwa kidogo akapewa dawa fulani ya mkojo, akabadilika, mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya njano, akaongezwa damu. Mwengine alipewa dawa hiyo hiyo, hana hata homa. Watu wamesema yote, mara hasad, mara nimemlisha kitu, mamkwe wangu kasema huyu si wa ukoo wetu. Kliniki moja wakanambia haiwezekani pacha mmoja awe na G6PD mwengine asiwe nayo, kwa hivyo kipimo kimekosea.

Binti_Bondeni

Pole sana mama. Wote wawili wanayo jeni hiyo bila shaka kama kweli ni wa yai moja. Kinachotofautiana ni mgao. Kila mmoja kapata fungu lake la seli zilizozima hii na zilizozima ile, na mafungu hayalazimiki kulingana hata kama watoto wenyewe wametokana na yai moja. Kwa Fabry pia wameripotiwa mapacha wa kike wa yai moja, mmoja mgonjwa mwengine mzima. Kwa hivyo hakuna hasad hapo na kipimo si lazima kiwe kimekosea. Na yule asiyeumwa pia aandikwe kwenye kitabu chake cha kliniki, asije mtu akamuona mzima akampa chochote.

Dawa ya mkojo kama ilikuwa nitrofurantoini, hiyo imo kwenye orodha ya zile za kuepukwa. Nyengine ni primakwini ya malaria, dapsoni ya ukoma, na ile dawa ya buluu ya methilini inayotumika hospitali.

Nesi_Likoni

Naongezea hapo kwa watoto wachanga, kwa sababu sisi wa pwani tuna mambo yetu. Ile naftalini tunayotia kwenye sanduku la nguo isimkaribie mtoto mwenye shida hii. Bibi yuatoa shali na vinguo alivyoweka tangu mtoto wa mwisho, vyanuka naftalini mpaka mlangoni, anamvika kichanga. Mvuke wake peke yake unatosha kuvunja damu, yaani kupasua chembe nyekundu. Fueni nguo, anikeni juani, naftalini tupeni.

Na hina. Najua mtanirukia. Hina ya majani ina kitu chaitwa lawsoni, kemikali yake ni ndugu wa naftalini, na kuna watoto wenye G6PD waliopakwa mwilini huko Uarabuni wakavunjika damu vibaya. Bibi harusi mzima kupakwa mikono na miguu si sawa na kichanga kupakwa mwili, ngozi yake nyembamba na mwili mdogo. Kwa hivyo jando na harusi endeleeni, arubaini ya mtoto mwacheni bila hina. Piko usiniulize, hiyo yaunguza hata asiye na G6PD.

Kahawa_Tungu

Nesi umewagusa kina mama leo, subiri simu 😅

Mtafiti_wa_Kilifi

Niingie kidogo kwa upande wa malaria kwa sababu hapa kwetu ndo chanzo cha jeni hii kujaa. Utafiti wa Kilifi uliotoka 2015 uliangalia watoto wengi, wakaona wasichana wenye X moja nzima na moja mbovu ndo waliopata kinga dhidi ya malaria kali, wavulana wenye jeni mbovu haikuonekana kinga ya namna hiyo. Kwa hivyo ule mchanganyiko wa damu mbili ambao Binti anauita taabu ya maabara, mbele ya malaria ya pwani ni faida. Mwanamke ndo anayeiweka jeni hii hai vizazi na vizazi.

Lakini pia tusisahau Lapdap. Dawa ya malaria, ilipitishwa 2003, ilikuwa bei rahisi na watu waliisubiri kwa hamu, ndani mna dapsoni. 2008 ikaondolewa sokoni kwa sababu ya watu wenye G6PD kuvunjika damu. Ukisikia mtu asema mambo ya jeni ni ya Wazungu mkumbushe hiyo.

Kijiweni_Makadara

Sawa lakini mbona daktari hakuwahi kunambia dada yangu apimwe? Kakangu alipopatikana nayo wakasema "mamako ndo ameitoa, wasichana hawana neno."

Binti_Bondeni

Kwa sababu elimu yenyewe ilianzia kwa wanaume. Ugonjwa huu ulieleweka 1956 kutokana na majaribio ya primakwini kwa wafungwa wa gereza la Stateville kule Illinois, wanaume watupu, na picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya mwanamume.

La pili ni kipimo. Kile cha haraka cha kuangalia kama doa linang'aa kwenye karatasi hukamata mtu ambaye enzaimu yake iko chini kabisa, kama chini ya asilimia 30 ya kiwango cha kawaida. Mwanamke mwenye 50 kinampitisha mzima. Halafu kuna dawa ya tafenokwini, ilipitishwa 2018 kwa malaria ya vivaksi, aina inayojificha kwenye ini, masharti yake enzaimu ya mtu iwe juu ya asilimia 70, na dozi ni moja tu na yakaa mwilini wiki kadhaa, ukishameza umemeza, huwezi kusema basi niache. Vivaksi si malaria yetu ya kawaida hapa lakini Mombasa ni bandari, tuna mabaharia na wanaosafiri kwenda Uhindi na Ethiopia, watakutana nayo. Kwa hivyo mwanamke aombe kipimo cha namba, si cha ndiyo au la.

Na jambo jengine ambalo hata wahudumu wengi hulipita: mgao wa damu hubadilika na umri. Seli mama za damu zazaliana miaka na miaka, zengine zachukua nafasi ya wenzao, na mwanamke aliyekuwa nusu kwa nusu akiwa na miaka 20 anaweza kufika miaka 70 akawa amelalia upande mmoja. Kuna bibi hugundulika uzeeni, maisha yote hana neno.

Shangwe_Kuze

Shangazi yangu miaka yote miguu yamuwaka moto kama ametembea kwenye makaa, hatokwi jasho, joto la Februari lamuua. Wakasema sukari, hana. Wakasema presha, wakasema mawazo. Sasa figo zimeanza kuchoka. Mtoto wake wa kiume yuko Dubai amepimwa huko kaambiwa ni hiyo Fabry. Shangazi wamempima enzaimu kwenye damu hapa imetoka ya kawaida, akaambiwa arudi nyumbani, yeye hana.

Binti_Bondeni

Shangwe usikubali hapo. Hili ndo jambo lililonifanya nifungue uzi mzima. Mwanamke wa Fabry anaweza kuwa na enzaimu ya kawaida kabisa kwenye damu, kwa sababu damu yake imepata fungu zuri la seli, na figo na moyo vimepata fungu baya. Sampuli ya damu yakupa habari za damu. Kwa mwanamume enzaimu yatosha, kwa mwanamke hapana, lazima isomwe jeni yenyewe, inaitwa GLA. Na kama mwanawe wa kiume anayo, kipande kile cha X kimetoka kwa mama, hakuna pengine, ila mara chache sana jeni iharibike upya kwa mtoto mwenyewe.

Na dawa zipo, enzaimu ya kudungwa ilianza kutumika Ulaya 2001, vidonge vya migalastati vikafuata 2016 ingawa havimfai kila mtu, yategemea jeni imeharibika wapi. Bei sitaki hata kuitaja.

Kuna magonjwa ambayo ukitafuta enzaimu kwenye damu haikwambii kitu kabisa. Mfano OTC, nao wa X, enzaimu yake yafanya kazi kwenye ini kusafisha amonia, sumu itokanayo na protini kama za nyama. Mwanamke aishi vizuri, hapendi nyama tangu utotoni, hajui kwa nini, ajifungue, siku chache baadaye aanze kutapika, kuchanganyikiwa, aongee maneno yasoeleweka. Hapa kwetu atapelekwa kwa nani mwajua wenyewe. Mtu kama huyo apimwe amonia siku hiyo hiyo, kisomo kiendelee pembeni hakuna ubaya, lakini damu itolewe kwanza.

Dawa_Asilia_Mtwapa

Kama shida ni jeni imefungwa si ifunguliwe? Nimeona video jamaa asema habasoda, manjano na kufunga saumu vyabadilisha epijenetiki ndani ya siku 40. Nna unga wangu pia, anayetaka aje inboksi.

Binti_Bondeni

Kaka habasoda ni nzuri na mimi natia kwenye mkate, lakini haifungui X. Ule mfungo una tabaka juu ya tabaka, XIST, protini, methili, umedumu kwenye kila seli tangu hujazaliwa. Kuna dawa za saratani za kuondoa methili, mfano azasaitidini, nazo hazichagui, zalegeza kila mahali, ndo mana hapewi mtu ovyo. Wapo watafiti wanaojaribu kuamsha X iliyozimwa kwa ajili ya ugonjwa wa Rett, ule wa ubongo unaoshika zaidi watoto wa kike, lakini hiyo iko maabara. Na hata ukiiamsha yote umeamsha jeni mamia kwa pamoja. Inboksi yako ibaki na unga wako.

Tuktuk_Hana_Presha

😂😂 Jamaa katoka kimya kimya.

MamaMapacha_Kisauni

Swali la mwisho dadangu. Huyu wangu aliyeumwa akija kuzaa, na binti yake ataumwa vile vile?

Binti_Bondeni

Jeni anaweza kumpa, nusu kwa nusu kila mimba. Mgao hampi. Mayai si kama seli nyengine, humo X hufunguliwa upya zote, na mtoto wa kike akishatungwa huanza kuchagua mwenyewe tangu sifuri. Kwa hivyo mama mgonjwa anaweza kupata binti mwenye jeni ile ile asiumwe maisha, na mama asiyeumwa akapata binti wa hali mbaya. Mvulana akiipata hana bahati nasibu, X yake ni hiyo hiyo moja. Na baba mgonjwa humpa kila binti yake, wavulana wake hawapati kwake.

Na mkienda kupima, msimpime mtoto wakati damu ndo imevunjika. Chembe zilizobaki ni changa na nzuri, enzaimu yatoka juu kuliko ukweli. Subirini kama miezi mitatu.

Shangwe_Kuze

Shangazi ana wasichana wawili pia, mmoja alalamika miguu, mwengine hana neno. Nianze na nani?

Nesi_Likoni

Wote wawili, na kipimo cha jeni. Mkojo uangaliwe protini na moyo upigwe picha, hata huyo asiyelalamika. Ile karatasi ya Dubai ya kaka yao muiombe kwa simu leo, daktari akiiona jeni imeharibika wapi hatahitaji kuanza kutafuta upya, ataangalia mahali pale pale tu na gharama itashuka.